Majina ya Mungu katika Kiebrania na Tatizo la Kuyafasiri kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 1952 Biblia nzima ilitolewa kwa Kiswahili Sanifu katika tafsiri ambayo wengi huiita Toleo la Muungano. Katika miaka ya 1990 ilitokea tafsiri nyingine, Biblia Habari Njema, iliyokusudia kusema kwa lugha nyepesi zaidi. Msomaji akizifungua zote mbili mahali pamoja, yaani Kutoka 6:3, atakuta jambo la kushangaza. Hapo Mungu anamweleza Musa kwamba mababu zake walimjua kwa jina moja, na kwamba jina lake jingine hawakujulishwa. Katika tafsiri ya 1952 jina walilolijua mababu ni Mungu Mwenyezi, na lile wasilolijua ni Yehova. Katika tafsiri ya pili, lililojulikana ni Mungu Mwenye Nguvu, na lisilojulikana ni Mwenyezi-Mungu. Neno Mwenyezi, basi, limehama. Lilikuwa upande wa jina lililojulikana. Sasa li upande wa jina lililofichwa. Mtu aliyelelewa na tafsiri ya kwanza akiisikia ya pili ikisomwa atadhani anaambiwa kinyume cha alichofundishwa.

Jambo hili nilionyeshwa na mwanafunzi mmoja katika darasa la tafsiri. Aliviweka vitabu viwili juu ya meza, akauliza: "Mwalimu, ni nani aliyekosea?" Makala haya ni jaribio la kumjibu. Hayakusudii kuamua mambo ya imani, ambayo yana wenyewe. Yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno hata kidogo, bali tatizo limezuka kwa sababu Kiebrania kina aina tatu za majina ya Mungu, na wafasiri wetu, kwa nyakati mbalimbali, wamezihamisha kutoka kiti kimoja hadi kingine.

Aina tatu za majina

Aina ya kwanza ni nomino ya jumla. Hapa yamo maneno El, Eloah na Elohim. Yote matatu yaweza kutumika kwa Mungu wa Israeli na pia kwa mungu wa taifa lolote. Elohim ndilo litumikalo zaidi. Latokea zaidi ya mara 2,500. Eloah ni nadra, na aghalabu limo katika kitabu cha Ayubu. Mwanaisimu atatambua kwamba Eloah na neno la Kiarabu ilah, ambalo ndilo asili ya Ilahi katika mashairi yetu, ni maneno ya ukoo mmoja.

Aina ya pili ni nomino ya pekee, nayo ni moja tu: jina liandikwalo kwa herufi nne, yod, he, waw, he, ambazo kwa hati ya Kirumi huandikwa YHWH. Hili latokea zaidi ya mara 6,800, na kwa hiyo linayapita majina mengine yote kwa wingi. Halitumiwi kwa miungu ya mataifa, wala halichukui kiambishi cha umilikishi. Kiebrania chaweza kusema Elohim wangu, lakini hakisemi YHWH wangu, kama vile sisi tusivyozoea kusema Hamisi wangu pasipo sababu maalumu. Umbo lake fupi, Yah, limo katika neno haleluya na katika majina ya watu. Eliya, mathalan, maana yake ni kwamba Mungu wangu ni Yah. Jina hili lapatikana hata nje ya Biblia: limo katika jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililochongwa katika karne ya 9 K.K. na kupatikana mwaka 1868.

Aina ya tatu ni sifa na vyeo: Shadai, Elioni (aliye juu), Sebaoti (wa majeshi), na Adonai (Bwana). Maneno haya huweza kusimama peke yake au kufuata jina jingine, kama vile El Shadai na El Elioni.

Tukizikumbuka aina hizi tatu, tutaweza kuipima kila tafsiri kwa swali moja: je, msikilizaji wa Kiswahili anaweza kujua ni aina gani ya jina iliyomo katika Kiebrania?

Elohim na upatanisho wa Mungu

Elohim ni neno lenye umbo la wingi. Hata hivyo, katika aya ya kwanza kabisa ya Mwanzo linafuatana na kitenzi cha umoja, yaani aliumba, si waliumba. Umbo linasema hivi, upatanisho unasema vile, na upatanisho ndio unaofuatwa katika kufahamu maana. Wapo waliojaribu kujenga hoja kubwa za dini juu ya umbo hilo la wingi. Lakini kwa mtazamo wa sarufi inatosha kusema kwamba Kiebrania hutumia wingi pia kwa kuonyesha ukuu.

Mswahili hana sababu ya kustaajabia jambo hili, kwa kuwa neno lake mwenyewe lina tabia inayofanana na hiyo. Kwa umbo, Mungu ni nomino ya ngeli ya m-/mi-, kama mti na mto. Wingi wake ni miungu. Lakini hatusemi Mungu umeumba. Twasema Mungu ameumba. Umbo ni la miti, upatanisho ni wa watu. Tena, tukija kwenye wingi, upatanisho aghalabu hurudi katika ngeli yake ya asili, na twasema miungu mingine, wala si miungu wengine. Katika umoja pana nafsi. Katika wingi pana vitu.

Tofauti hii Kiebrania hakina. Amri ya kwanza kati ya zile kumi inapokataza elohim wengine, inatumia neno lile lile litumikalo kwa Mungu mwenyewe. Zaburi ya 82 inatumia Elohim mara mbili katika aya moja, mara ya kwanza kwa anayehukumu na mara ya pili kwa wale ambao anahukumu kati yao. Kiswahili chalazimika kuchagua: Mungu kwa yule, miungu kwa hawa, na uchaguzi huo unabeba hukumu ambayo Kiebrania kiliuachia muktadha. Hata hivyo, Mungu kwa Elohim ni tafsiri inayostahili, kwa maana ni nomino ya jumla kwa nomino ya jumla. Hapa hapana ugomvi.

Herufi nne na desturi ya kutotamka

Ugumu waanza na YHWH. Maandiko ya Kiebrania yalikuwa ya konsonanti tu kwa karne nyingi, na msomaji alitia irabu kwa kuwa alilijua neno. Wenzetu waliozoea kusoma tenzi za zamani katika hati ya Kiarabu wanaifahamu hali hii. Hati ile ina alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, na mara nyingi mnakili hakuweka alama zote. Asiyeijua lugha hawezi kusoma, hata akizijua herufi zote.

Lakini kwa YHWH palikuwa na jambo la ziada. Wayahudi, kwa heshima, waliacha kulitamka. Jicho lilipofika kwenye herufi nne, ulimi ulisema Adonai. Wataalamu walioitwa Wamasora, waliofanya kazi yao hasa Tiberia kati ya karne ya 7 na ya 10, walipotia alama za irabu hawakuzigusa konsonanti takatifu, bali waliziandikia irabu za Adonai ili kumkumbusha msomaji atamke nini. Na pale ambapo Adonai lenyewe lilitangulia YHWH, waliweka irabu za Elohim, msomaji asije akasema Adonai mara mbili. Baadaye wasomi wa Ulaya waliosoma konsonanti za neno moja pamoja na irabu za neno jingine wakapata Yehova. Umbo hilo lilionekana katika maandishi ya Kilatini tangu karne ya 13, na William Tyndale akalitia katika Kiingereza mwaka 1530. Umbo ambalo wataalamu wengi wa leo huliona kuwa karibu zaidi na matamshi ya kale ni Yahwe.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili nilihudhuria darasa la Kiebrania. Mwalimu wetu, mzee wa Kiyahudi, alisoma kwa kasi, lakini kila alipozifikia herufi zile nne sauti yake ilishuka kidogo, akasema Adonai, kisha akaendelea. Sikuona ugeni wowote. Katika jamii zetu nyingi mke hamtaji mumewe kwa jina mbele za watu. Humwita bwana, au Baba Fulani. Si kwamba halijui jina. Analijua kuliko wote, na ndiyo sababu halitaji.

Desturi hii ndiyo iliyofuatwa na tafsiri ya Kiyunani, iliyoanza Aleksandria katika karne ya 3 K.K. Kadiri ilivyotufikia kwa mikono ya Wakristo, mahali pa YHWH pana Kurios, yaani Bwana, ingawa viko vipande vya kale vya Kiyunani ambamo herufi nne za Kiebrania ziliandikwa katikati ya maneno ya Kiyunani. Kilatini kikafuata na Dominus. Basi Bwana ya Toleo la Muungano haikutokana na uvivu wa wafasiri. Ni mrithi wa desturi yenye umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Mwaka 2008 Vatikani nayo iliagiza kwamba jina hilo la herufi nne lisitamkwe katika ibada.

Bwana: kile kinachopotea

Ijapokuwa ukoo wake ni wa heshima, neno Bwana lina gharama tatu katika Kiswahili.

Kwanza, ni neno la watu wote. Bwana ni mume, ni mwenye mali, ni mwenye mtumwa, ni mtu yeyote wa kiume tumwitaye kwa adabu, na enzi za ukoloni lilikuwa wito wa kila Mzungu. Kiebrania kilijihadhari hapa. Kwa mwanadamu husema adoni, bwana wangu. Kwa Mungu husema Adonai, umbo lililotengwa kwa ajili yake. Sisi tumelitumia neno moja kwa yote mawili.

Pili, tofauti iliyobaki ni ya herufi kubwa, na herufi kubwa hazisikiki. Aya ya kwanza ya Zaburi ya 110 inaeleza kwamba YHWH alisema na adoni wa mwimbaji. Katika Kiebrania kilichoandikwa ni maneno mawili yasiyofanana hata herufi moja ya mwanzo. Katika Kiswahili ni Bwana na Bwana. Anayesoma kwa macho ataona kwamba la kwanza limechapwa kwa herufi kubwa. Anayesikiliza kanisani au kwenye redio atabaki akijiuliza nani alisema na nani. Na katika nchi zetu wanaoisikia Biblia ni wengi mno.

Tatu, na hili halitajwi sana, maana za bwana ndizo hasa maana za neno la Kiebrania baal: mwenye mali, mume, mkuu. Tazama, basi, kisa cha Eliya juu ya mlima Karmeli katika 1 Wafalme 18. Watu wanatakiwa kuchagua kati ya YHWH na Baali, na mwishoni wanakiri kwamba YHWH ndiye Elohim. Ni kiri lenye jina la pekee upande mmoja na nomino ya jumla upande wa pili. Tena ni maana ya jina la Eliya mwenyewe. Tukiweka Bwana, shindano lile linakuwa kati ya Bwana na mwingine ambaye jina lake, likifasiriwa, nalo ni Bwana. Tukiweka Mwenyezi-Mungu, kiri linakuwa kwamba Mwenyezi-Mungu ndiye Mungu, jambo ambalo hapana mtu angelipinga, hata manabii wa Baali. Kisa kizima kimesimama juu ya jina, na jina halipo.

Safari ya neno Mwenyezi

Sasa tuweze kurudi kwenye swali la mwanafunzi. Mwenyezi ni mwenye na enzi, na enzi asili yake ni Kiarabu, yaani nguvu na utukufu. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, alikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na msamiati mpana wa kumtaja Mungu, uliokuzwa na Waislamu wa pwani katika mazungumzo, sala na tenzi: Mwenyezi Mungu, Mola, Rabi, Jalali, Karima. Wafasiri wote wa baadaye wamekula katika sahani hiyo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy naye, katika tafsiri yake ya Kurani ya mwaka 1969, ametumia Mwenyezi Mungu kwa Allah.

Asili ya Shadai haijakubaliwa na wataalamu wote. Wako wanaolihusisha na neno la Kiakadi la mlima, wako wanaolihusisha na titi, na wako wanaolihusisha na kitenzi cha kuangamiza. Latokea mara 48, na 31 kati ya hizo ni katika Ayubu. Katika Ayubu tafsiri ya Kiyunani iliweka mara nyingi Pantokrator, mtawala wa yote. Kilatini kikasema Omnipotens, mwenye kuweza yote. Kutoka hapo hadi Mwenyezi ni hatua fupi, na wafasiri wa 1952 waliipiga kwa haki: sifa kwa sifa.

Wafasiri wa Biblia Habari Njema walikuwa na hoja yao, nayo si nyepesi. Bwana lina utata, kama tulivyoona. Yehova ni umbo geni, na katika masikio ya wengi limeambatana na Mashahidi wa Yehova. Mwenyezi Mungu, kwa upande mwingine, ndivyo Waswahili wasemavyo kila siku. Kwa hiyo wakalipa YHWH neno linalopendwa zaidi, wakalitia kistari ili liwe kama jina moja, na Shadai likatafutiwa kiti kingine: Mwenye Nguvu. Walilolipata ni wepesi. Walilolipoteza ni ile tofauti kati ya jina na sifa, kwa kuwa Mwenyezi-Mungu, hata likitiwa kistari, bado ni sifa na nomino ya jumla. Katika Kutoka 6:3, ambapo maana yote ni kwamba sifa ilijulikana na jina halikujulikana, msomaji anapewa sifa mbili zinazokaribiana sana kwa maana.

Jina linapotumika na jina linapozungumzwa

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Kuna mahali ambapo jina linatumika tu, na kuna mahali ambapo jina lenyewe ndilo linalozungumzwa. Wafasiri wa 1952 walilihisi jambo hili, ijapokuwa hawakulifuata mpaka mwisho. Kwa kawaida walisema Bwana; lakini katika Kutoka 6:3, na katika jina la mahali Yehova-yire, Mwanzo 22:14, waliliacha jina lionekane, kwa maana bila jina aya isingekuwa na maana. Karmeli ilistahili kutendewa vivyo hivyo.

Mfano mwingine ni Kutoka 3:14, ambapo Musa anauliza jina na kujibiwa kwa kitenzi, ehyeh. Umbo hili la kitenzi cha kuwa laweza kufahamika kuwa ni la sasa au la wakati ujao. Kiyunani kiligeuza kuwa Aliye, kana kwamba ni somo la falsafa. Kiswahili kina njia kadhaa: ni ya kutambulisha, kuwa yenye nyakati, na -ko ya kuwapo. Toleo la Muungano lilichagua niko, na nadhani lilichagua vema, kwa kuwa -ko yaonyesha kuwapo mahali. Ehyeh iyo hiyo ilikwisha kutumika aya mbili kabla, katika 3:12, Musa alipoahidiwa kwamba hatakwenda peke yake. Kwa bahati mbaya huko tafsiri yetu ilisema nitakuwa, na hivyo sikio halisikii kwamba jina ni ahadi iliyorudiwa.

Pendekezo juu ya neno Mola

Je, Kiswahili kina neno linaloweza kufanya kazi ya Adonai bila utata wa bwana? Ninaona kwamba linalo, nalo ni Mola. Mswahili hamwiti mumewe mola, wala tajiri wake, wala hakimu. Limetengwa kwa ajili ya Mungu, kama Adonai lilivyotengwa. Wala si geni katika Biblia, kwani Toleo la Muungano lenyewe limelitumia katika Waraka wa Yuda, aya ya 4, kwa neno la Kiyunani despotes. Zaburi ya 110 ikisomwa kwa Mola upande mmoja na bwana wangu upande wa pili, hata kipofu ataiona tofauti. Atakayesema kwamba Mola lina harufu ya Uislamu akumbuke kwamba Mwenyezi nalo lilitoka katika vinywa vile vile.

Hata hivyo, sina budi kukiri gharama ya pendekezo langu. Agano Jipya linamwita Yesu Kurios, na mara kadhaa linanukuu aya za kale zenye YHWH kwa neno hilo hilo. Warumi 10:13, mathalan, inanukuu Yoeli 2:32. Bwana likikaa pande zote mbili, msikilizaji anauona uzi unaounganisha vitabu hivyo viwili. Mola likikaa upande mmoja tu, uzi unakatika. Kwa Mkristo hili si jambo dogo, na wako watakaoona kwamba linatosha kulikataa pendekezo zima.

Hitimisho

Jibu langu kwa mwanafunzi ni kwamba wote wawili walijua Kiswahili, na kila mmoja alichagua hasara yake. Bwana limehifadhi desturi ya heshima na uzi wa vitabu, likapoteza jina. Yehova au Yahwe limehifadhi jina, likapoteza desturi. Mwenyezi-Mungu limehifadhi uzoefu wa msemaji, likapoteza tofauti ya aina. Mfasiri ana haki ya kuchagua hasara, lakini ana wajibu wa kumweleza msomaji katika dibaji ni hasara gani aliyoichagua. Na kama atalihamisha neno ambalo watu wamelizoea mahali fulani kwa miaka arobaini, basi ni lazima aseme waziwazi kwamba amelihamisha.

Mwanafunzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nyanya yake, asiyejua kusoma, alikuwa amezisikia tafsiri zote mbili na kuamua kwamba ni Mungu wawili tofauti. Sina hoja ya isimu iliyo nzito kuliko hiyo.